RSS bado ipo: Pata habari za Ngorongoro bila kungoja Facebook ikuchagulie

Agosti 2024, tangazo la serikali lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro. Kabla mwezi haujaisha, Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wake. Kwa mkazi wa Endulen au Nainokanoka, kujua ipi kati ya habari hizo mbili ndiyo ya mwisho si jambo dogo.

Facebook haijali sana mpangilio huo. Kwa kawaida hupanga posti kwa kukisia utakachopenda, hivyo habari ya wiki iliyopita inaweza kukaa juu ya ile ya leo asubuhi. Na kama ulikuwa sehemu isiyo na mtandao kwa siku mbili, ndiyo kabisa.

RSS inafanya kinyume. Ni teknolojia ya mwaka 1999, na wengi walidhani imekufa Google ilipofunga Google Reader Julai 2013. Wapi! Tovuti nyingi za habari bado zina mlisho, yaani faili dogo lenye vichwa vya habari, tarehe na viungo, ambalo hubadilika kila habari mpya inapotoka. Programu kama Feedly au Feeder inalisoma na kukupangia habari, mpya juu, kutoka tovuti ulizochagua mwenyewe. Hata podikasti husambazwa kwa njia hiyohiyo.

Kuanza ni rahisi: bandika anwani ya tovuti kwenye programu, itautafuta mlisho yenyewe. Ikishindwa, ongeza /feed mwishoni mwa anwani. Tovuti nyingi za WordPress hukubali.

Kwa dereva wa watalii anayelala Karatu mjini na kushinda kreta, utamu uko hapa: baadhi ya programu hizi huhifadhi habari kwenye simu. Anapakua alfajiri kabla ya kupandisha geti la Lodoare, bando haliliwi sana, kisha anasoma wageni wakiendelea kumpiga picha faru.

Ila RSS haifanyi miujiza. Intaneti ikizimwa, kama ilivyokuwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, utabaki na ulizokwisha kupakua tu. Na ukichagua tovuti ya uzushi, utaletewa uzushi huohuo, umepangwa vizuri kwa tarehe.