Kabla ya Kumwita Farasi Mkaidi

Machi 1866 mpelelezi David Livingstone alishuka Mikindani, kusini ya Lindi, na msafara wa aina yake: ngamia 6, nyati 3 wa India na ndama mmoja, nyumbu 2 na punda 4. Pamoja na kubeba mizigo, wanyama hao walikuwa wa majaribio. Livingstone alitaka kujua kama wangestahimili mbung'o, nzi aliyekwisha kujulikana kwa kuangamiza ng'ombe na farasi. Jaribio likaharibika. Askari wa Kihindi waliokabidhiwa wanyama waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi, na walipoanza kudhoofika na kufa, haikuwezekana kusema kwa hakika kilichowaua ni mbung'o au ni fimbo.

Fundi yeyote wa farasi analijua fumbo hilo. Mnyama anagoma, anajivuta, anakanyaga ovyo. Je, hajaelewa, anaogopa, au anaumwa? Kwa macho, mambo hayo matatu hufanana sana, na mwenye haraka huyatibu yote kwa fimbo.

Mchezo wa dresaji, ambao farasi huonyesha utii na mwendo wake mbele ya jaji, unafaa sana kulijibia swali hilo, kwa kuwa hauna mbio wala kuruka viunzi. Mtihani wa ngazi ya mwanzo huchezwa kwenye uwanja wa mita 20 kwa 40, wenye herufi pembeni. Farasi huingia penye A, hufuata mstari wa kati, husimama, na mpandaji humsalimu jaji. Baada ya hapo huja kutembea, kukimbia polepole, duara la kipenyo cha mita 20 kulia na kushoto, na kubadili upande kwa mshazari. Kila tendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10. Jaji huangalia kwanza mdundo. Farasi anayetembea hupiga kwato nne, moja baada ya nyingine. Anayekimbia polepole hupiga mbili, mguu wa mbele na wa nyuma wa upande wa pili ikitua pamoja. Mdundo ukivunjika, kuna jambo.

Tuangalie tendo moja tu, kusimama. Mpandaji hunyoosha mgongo, hutulia kwenye tandiko na kufumba vidole juu ya hatamu. Farasi akisimama, vidole hulegea papo hapo. Somo lenyewe liko katika kule kulegea: mnyama hujifunza kwamba alichokifanya ndicho kilichomwondolea mbano. Mpandaji akichelewa, au akiendelea kuvuta ilhali farasi ametii, mnyama hukosa njia ya kujua kwamba amepatia. Baada ya siku nyingi za hivyo atajifunza kupuuza hatamu au kupigana nazo. Nguvu nyingi hazina kazi hapa. Farasi huhisi hata nzi anapotua mwilini, akatikisa ngozi ya mahali pale pale. Mguso mwepesi wa mguu unamtosha, ukija kwa wakati na ukakoma kwa wakati.

Kwa hiyo maandalizi mazuri huanzia chini, kabla mtu hajapanda: kwenda, kusimama, kurudi nyuma hatua moja. Masomo yawe mafupi, kila siku jambo moja, na duara lifanywe pande zote mbili, kwani farasi naye ana upande wake mwepesi na upande wake mzito. Wala mtihani mzima usirudiwe kila siku kwa mpangilio ule ule. Farasi hukariri upesi, akaanza kusimama kabla hajaambiwa.

Hayo yote yanategemea mwili mzima, na kwenye ukanda wa Kilwa na Lindi mwili wa farasi una adui wa kudumu. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari David Bruce aliona ndani ya damu ya wanyama wagonjwa vijidudu vinavyoogelea, akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayevisambaza. Ugonjwa huo ni nagana. Homa hupanda na kushuka, damu hupungua, tumbo na miguu huvimba, nyama za mwili huyeyuka, na miguu ya nyuma hulegea. Punda huvumilia zaidi. Farasi, asipotibiwa, mara nyingi hufa.

Sasa linganisha dalili hizo na malalamiko ya uwanjani: hataki kwenda mbele, anaburuta miguu ya nyuma, duara linamshinda. Asiyejua atasema mvivu. Anayejua atapima kwanza. Farasi mzima aliyepumzika ana joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5, na moyo wake hupiga kama mara 28 hadi 44 kwa dakika. Inua mdomo wa juu: ufizi uwe wa waridi na wenye unyevu, ukipauka, huenda damu imepungua. Na kwa kuwa homa ya nagana huja na kupotea, kipimo cha siku moja hakitoshi. Andika kila asubuhi, na mwite daktari wa mifugo achukue damu aitazame kwenye hadubini.

Gharama ya kutojali jambo hili pwani hii inaijua. Septemba 1916 Waingereza waliteka Kilwa na Lindi, wakazifanya vituo vya kushushia askari na mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, farasi, nyumbu na punda walikufa kwa makumi elfu, wengi kwa nagana. Mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi, na wao pia wakafa kwa makumi elfu, kwa maradhi, njaa na uchovu.

Mbung'o anaweza kushindwa. Jike hatagi mayai mengi kama inzi wa nyumbani. Hulea buu mmoja tumboni, akamzaa kila baada ya siku 9 au 10 kwenye udongo wa kivulini, na kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Wataalamu wa Tanga walifuga madume, wakayatia ugumba kwa mionzi, na ndege zikayamwaga juu ya Unguja. Mbung'o wa mwisho alionekana huko mwaka 1996. Unguja, lakini, imezungukwa na bahari. Wilaya za Kilwa na Liwale zimepakana na mapori makubwa ambamo mbung'o hurudi kila anapopunguzwa. Huku silaha ni vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, tiba, na upimaji usiokatizwa.

Hilo si la wenye farasi peke yao. Wafugaji walioingiza ng'ombe mkoani Lindi na wenye punda wa mizigo wanakabiliana na nzi yule yule. Kipimajoto, daftari na jicho la kutazama ufizi vinagharimu kidogo kuliko mnyama mmoja aliyekufa. Mnyama akikataa kazi, apimwe kwanza. Akionekana mzima, mwenye kumfundisha ajiulize kama alilegeza hatamu kwa wakati. Neno mkaidi lisubiri mpaka maswali hayo mawili yajibiwe, na yakijibiwa kwa uaminifu, mara nyingi halitahitajika.