Simu Inayozimika na Kuwaka Yenyewe

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya ukanda wa Geita na Shinyanga, simu ya ofisi si pambo la mezani. Kifusi kinapoporomoka duarani, dakika za mwanzo ndizo zinazoamua kama aliyefukiwa atatolewa akiwa hai, na waokoaji huitwa kwa namba inayojulikana na wote. Kwa hiyo hitilafu ndogo ya simu yaweza kuwa jambo kubwa.

Katika ofisi moja ya machimbo hayo nilionyeshwa simu ya mezani inayotumia intaneti. Ilikuwa ikiwaka, ikionyesha nembo ya kiwanda, kisha ikizimika na kuanza upya, mchana na usiku. Wenyeji walikwisha kuamua kwamba imekufa. Lakini chombo kilichokufa hakiwaki. Hebu tuone jinsi kinavyofanya kazi.

NGAZI TANO ZA KUAMKA

Simu ya zamani ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu kwa nyaya mbili za shaba. Simu ya intaneti ni kompyuta ndogo, na kila inapowashwa hupanda ngazi tano: hupata umeme, husoma programu yake ya msingi kutoka kwenye kumbukumbu, huomba anwani ya mtandao, huchukua faili ya mipangilio kutoka kwenye seva, na mwisho hujiandikisha kwenye mtambo unaounganisha simu.

Ndani yake mna kipima muda cha ulinzi. Programu inapokwama na kushindwa kutoa ishara kwa muda uliowekwa, kipima muda hicho huamuru simu ianze upya. Kama kasoro ni ileile, simu itakwama palepale, na mzunguko hautakwisha.

SAA NA KARATASI

Vifaa vya kwanza vya mchunguzi, basi, ni saa na karatasi. Apime muda kati ya kuzimika kumoja na kungine, mara kumi. Vipindi vikilingana, yaelekea kasoro imo katika programu au mipangilio. Vikiwa havina mpangilio, auangalie umeme kwanza.

Umeme una sababu nyingi za kuyumba machimboni. Mota ya karasha inapoanza kuzunguka huweza kuvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Tuchukue mota ya ampea 10, iliyo kwenye laini ndefu yenye ukinzani wa omu 2. Kwa kanuni ya Ohm, ikizunguka kwa kawaida hupunguza volti 20. Ikianza kwa ampea 60, hupunguza volti 120, na katika volti 230 hubaki 110 tu. Adapta nyingi huvumilia volti 100 hadi 240, lakini ile ambayo kapasita zake zimechakaa hushindwa mapema.

Simu nyingine hupata umeme kupitia waya wa mtandao. Kwa kanuni ya kimataifa ya mwaka 2003, swichi hutoa hadi wati 15.4, na mwisho wa waya wa mita 100 chombo huhakikishiwa wati 12.95. Waya mbovu au swichi iliyoelemewa huleta dalili zilezile.

TULICHOKIONA

Vipindi vyote kumi vililingana: dakika moja na nusu hivi. Tuliweka simu nzima mahali pa ile mbovu, kwa waya uleule, ikatulia. Tukaipeleka mbovu kwenye waya wa ile nzima, ikaendelea kuzimika. Hivyo waya na swichi vikaondolewa lawama.

Ndipo nikauliza hitilafu ilianza lini. Ilianza siku ambayo programu ya simu ilikuwa ikibadilishwa, karasha la jirani likawashwa, na umeme ukazimika katikati ya kazi. Programu ilikuwa imeandikwa nusu. Tuliifuta na kuiandika upya kutoka kwenye kompyuta, na simu ikaamka. Lakini hatukuishia hapo, kwani chanzo kilikuwa bado kipo nje. Swichi iliwekewa betri ya akiba, na simu nayo ikapewa umeme kupitia swichi hiyo.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aunganishe balbu ya tochi na mota ndogo, sambamba, kwenye betri moja kuukuu. Wanafunzi waitazame balbu wakati mota inapoanza: itafifia, kisha itapata nuru tena. Waizuie mota isizunguke kwa nukta moja tu, waone balbu inavyofifia zaidi. Watakuwa wameona kwa macho yao jinsi mashine ya jirani inavyoweza kuizima simu.

Mchunguzi na akumbuke kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kuandika kila analoliona. Akibadili waya, adapta na programu kwa pamoja, simu huenda ikapona, naye asijue imeponywa na nini. Siku itakapougua tena, pengine kukiwa na mtu chini ya kifusi, ataanza kubahatisha upya.