Gasketi: Kitu Chembamba Chenye Kazi Kubwa

Bila shaka umepata kupika au kuona wali ukipikwa. Kifuniko kisipolingana na sufuria, mvuke hutoka na wali hauivi vizuri. Injini ya gari nayo ina vifuniko vingi. Kila kifuniko kisipokaa sawasawa, kitu fulani hutoka: maji, oili au moto.

Chuma hata kikisuguliwa vizuri, hakiwi laini kabisa. Ukiweka vyuma viwili pamoja, nafasi ndogo hubaki katikati. Nafasi hiyo huzibwa na gasketi. Gasketi hutengenezwa kwa karatasi ngumu, mpira, shaba au vitu vingine, kufuatana na mahali inapofanya kazi.

Katika somo hili tutazungumzia Land Rover za zamani zilizotengenezwa Uingereza. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Aina iliyoitwa Series iliendelea kutengenezwa hadi 1985. Gari la aina hiyo hudumu miaka mingi likitunzwa. Lakini injini iliyofunguliwa na kufungwa ovyo huharibika upesi, na mwenye gari hulipa mara mbili.

Gasketi ya silinda hedi

Hii ndiyo gasketi yenye kazi ngumu kuliko zote. Hukaa kati ya silinda hedi na bloku ya injini. Hutenganisha moto, maji na oili, ili kila kimoja kipite njia yake.

Gasketi hii ikiungua, utaona dalili. Injini huchemka mara kwa mara. Maji hupungua kwenye rejeta, na hali huoni yanapovuja. Moshi mweupe hutoka kwa wingi hata injini ikiwa imepata moto. Pengine oili hugeuka rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Ukiona dalili hizi, simamisha gari. Oili iliyochanganyika na maji haiwezi kulinda vyuma. Tena usifungue rejeta ikiwa ya moto. Maji yake yatakuruka na kukuunguza.

Jinsi ya kufanya kazi

1. Ondoa gasketi ya zamani. Gasketi nyingi za zamani zilitiwa asbesto. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta maradhi, pamoja na kansa, na maradhi hayo huweza kutokea baada ya miaka mingi. Kwa hiyo lowesha gasketi kwanza. Usiipige msasa ikiwa kavu, wala usiipulize kwa upepo. Watoto wasikae karibu.

2. Kwangua taratibu. Boksi la gia la Land Rover hizi ni la aluminiamu, nayo ni laini. Ukilikwangua kwa patasi kali utalichimba, na oili itapita hapo. Tumia kipande cha mti mgumu au plastiki.

3. Pima kama silinda hedi imenyooka. Lalisha rula ya chuma juu yake, uangalie kama kuna nafasi chini ya rula. Ikiwa imepinda, ipeleke kwa fundi mwenye mashine aisawazishe. Gasketi mpya haiwezi kunyoosha chuma kilichopinda.

4. Safisha matundu ya bolti, uyakaushe. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti ikikazwa inaweza kupasua bloku.

5. Weka gasketi mpya. Hakikisha kila tundu la gasketi limekutana na tundu lake. Usirudishe gasketi ya hedi iliyokwisha tumika, maana imekwisha bonyea.

6. Kaza bolti kwa utaratibu. Anza katikati, uende nje, kushoto na kulia. Usikaze bolti moja mpaka mwisho mara moja. Zungukia zote mara kadhaa, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Tumia spana ya kupimia nguvu, na ufuate kipimo cha kitabu cha gari.

Gasketi za boksi la gia

Nyingi kati ya hizi ni za karatasi. Unaweza kuzikata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi. Chora umbo la kifuniko kwa penseli, kisha kata kwa mkasi. Usisahau matundu ya oili. Unene uwe sawa na wa ile ya zamani, kwa sababu mahali pengine unene huo ndio unaoipa beringi nafasi yake.

Gundi ya gasketi ipakwe kidogo tu, kama unavyopaka siagi mkate ukiwa na siagi chache. Gundi ikizidi, hujikamua ndani, hukatika vipande na kuziba njia za oili.

Kumbuka pia kwamba gasketi huziba mahali pasipozunguka. Mahali penye shafti inayozunguka huzibwa na sili ya mpira. Na tundu la kupumulia la boksi la gia likiziba, oili itasukumwa nje hata kama gasketi zote ni mpya. Lizibue kwanza kabla ya kufungua boksi.

Gasketi ni bei ndogo kuliko injini. Fundi anayeharakisha kufunga, hurudi kufungua. Haraka haraka haina baraka.

Maswali

1. Taja dalili tatu za gasketi ya hedi iliyoungua.
2. Kwa nini tunalowesha gasketi ya zamani kabla ya kuikwangua?
3. Bolti za silinda hedi huanza kukazwa wapi?
4. Gundi ikizidi huleta madhara gani?