Je, Wajua? Do, Re, Mi na Maneno Mengine ya Mazoezini

Je, wajua kwamba do, re, mi zilitoka kwenye sala? Katika karne ya 11, mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo alitafuta namna ya kuwafundisha wanakwaya wimbo wasiowahi kuusikia. Akauchukua wimbo wa Kilatini wa kumsifu Yohane Mbatizaji, ambao kila kipande chake kilianza sauti moja juu ya kilichotangulia. Silabi za mwanzo zikawa majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut, ambayo haivutiki vizuri mdomoni, ikageuka do. Sauti ya saba iliongezwa na kuitwa si.

Kwa nini basi sisi tunaimba ti? Mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, katika karne ya 19, alitaka kila sauti iandikwe kwa herufi moja tu, na so na si zingegongana. Mchungaji John Curwen akauendeleza mfumo huo, na wamisionari wakaufikisha Afrika. Ndiyo maana nakala nyingi za kwaya zetu zina d, r, m na nukta zake, wala hazina mistari mitano.

Wapo wanaoudharau mfumo huu kuwa wa watoto. Siwaungi mkono hata kidogo. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, aliandika nyimbo zake kwa herufi hizohizo. Mahadhi yake ndiyo yanayowasimamisha wima Watanzania wakiimba Mungu Ibariki Afrika.

Je, wajua kwamba jina la piano limekatwa? Bartolomeo Cristofori alipoiunda Florence, karibu mwaka 1700, sifa yake kuu ilikuwa piano e forte, yaani kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Vinanda vingi vya nyuzi vilivyotangulia vilitoa sauti karibu ileile, uguse taratibu au ubonyeze kwa nguvu. Hapa Kiswahili kina mtego: mwalimu akisema "imbeni polepole", nusu ya kwaya hushusha sauti na nusu nyingine hupunguza mwendo. Piano ni sauti, si mwendo. Mwendo una maneno yake. Andante ni mwendo wa kutembea. Allegro tunaisoma kama amri ya kukimbia, kumbe kwa Kiitaliano maana yake ni uchangamfu. Kwaya iliyokunja nyuso haijaiimba allegro, hata ikienda mbio.

Da capo ni "kutoka kichwani": rudi mwanzo.

Ile C ya mwanzoni mwa mistari mitano, inayoonyesha mapigo manne, si herufi C. Ni duara lililokatwa. Wanamuziki wa kale wa Ulaya waliandika duara zima kwa mapigo ya tatutatu, waliyoyaona kamili kama Utatu Mtakatifu. Mapigo ya mbilimbili yakapewa duara pungufu.

Je, wajua kwa nini baba na mwanawe mdogo huimba wimbo mmoja bila kugongana? La ya kupatanishia ala hutetema mara 440 kwa sekunde, na la iliyo juu yake mara 880. Mitetemo ikizidi mara mbili kamili, sikio huisikia sauti ileile, imepanda tu, kama ya mtoto juu ya baba.

Piano ya kawaida ina vibonyezo 88, lakini baadhi ya sauti za taarabu ya asili haina. Maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, zina sauti zinazokaa katikati ya kibonyezo kimoja na jirani yake. Mpiga ala ya kanuni huzipata kwa vijiti vidogo vya chuma vilivyo pembeni mwa nyuzi, anavyoviinua na kuvilaza kwa mkono wa kushoto huku wimbo ukiendelea. Ukimwona mpiga kanuni mzuri wa Unguja, tazama mkono huo.

Na hilo jina kanuni? Wagiriki wa kale waliita kanon kipimo, na pia uzi mmoja uliokazwa juu ya ubao kwa kupimia sauti. Waarabu wakalichukua neno, nasi tukalipokea na maana zake mbili: sheria, na ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani.