Kumlilia Mama Mlezi

Ndugu Waislamu, wapo miongoni mwetu waliolelewa na shangazi, mama mdogo au mama wa kambo. Anapofariki mlezi huyo, huambiwa: "Mbona walia hivyo? Hakuwa mama yako." Kauli hii inapingana na mwenendo wa Mtume (S.A.W.).

Mtume alifiwa na mama yake, Bi Amina, akiwa na umri wa miaka 6, naye Ummu Ayman akashiriki kumlea. Hata ukubwani alikuwa akimzuru. Mtume alipofariki, mwaka 632, Abubakar na Umar (R.A.) walikwenda kumzuru kama alivyozoea; bibi huyo akalia, nao wakalia pamoja naye.

Basi machozi si kosa. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe, kujipiga mashavu na kurarua nguo.

Malezi pekee hayampi mtu fungu la mirathi. Hivyo mlezi anayetaka kumwachia mtoto asiye mrithi wake chochote, na aandike wasia angali hai, usiozidi thuluthi. Naye aliyelelewa amwombee mlezi wake maghufira, amtolee sadaka na kuwatembelea rafiki zake.

Mwenyezi Mungu awarehemu walezi wetu. Amin.