Saa 24 za Mwalimu, Saa 72 za Mzazi

Mara nyingi unyanyasaji wa kingono shuleni huanza kwa wema. Mwalimu humtuma msichana yule yule apeleke madaftari nyumbani kwake, humnunulia sodo, humlipia salio la karo, kisha humwonya asimwambie mtu. Asiyefundishwa kuutambua mtego huo hujiona ana deni, na mwenye deni huona haya kukataa.

Kwa hiyo mafunzo mazuri huanza mapema kuliko mateke na ngumi. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana walifundishwa kwa saa 12 kunusa hatari, kusimama wima na kusema kwa sauti kavu, "Sitaki, niachie njia," kupiga mayowe, kujinasua wakishikwa, na kutafuta wa kumwambia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba mashambulizi ya kingono waliyoripoti kwa mwaka yalishuka kutoka 17.9 hadi 11.1 kwa kila wasichana 100. Zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema walitumia mbinu hizo kumzuia mshambuliaji.

Walioendelea kushambuliwa hawakushindwa mtihani wowote. Mtoto hawezi kuachiwa peke yake kazi ya kumzuia mtu mzima mwenye funguo, kiboko na alama za mtihani. Msichana akishasema, zamu ni yetu watu wazima.

Kenya imeiandika zamu hiyo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mwalimu anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10. Kwa mtoto, neno "alikubali" si utetezi. Waraka Na. 3 wa 2010 wa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, unamtaka mwalimu aliyesikia au kushuku aripoti ndani ya saa 24. Anayeficha naye huadhibiwa.

Saa za mzazi ni 72 tangu mtoto ashambuliwe. Mpeleke binti hospitali kwanza, maana dawa za kukinga maambukizi ya VVU hazifai kuanzishwa baada ya muda huo, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Ataangaliwa pia kuhusu mimba na magonjwa ya zinaa. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo zisifuliwe, ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Polisi watatoa fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Simu ya msaada kwa watoto, 116, haina malipo.

Wengi hukata tamaa kwa kuwa hapakuwa na shahidi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathiriwa pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli. Basi vikao vya kumalizana nyumbani, mbuzi akatolewa na mwalimu akahamishiwa shule nyingine, humnyima mtoto haki aliyokwisha kupewa na sheria, na humpelekea mnyanyasaji darasa jipya la watoto.

Katika mkutano ujao wa wazazi, muulize mwalimu mkuu: binti yangu akidhulumiwa, amwambie nani hapa shuleni? Dai jina la mtu, na kila mwanafunzi alijue.