Nani Ananunua? Kabla ya Kuingia Katika Biashara Mpya

Mjasiriamali huamini fursa mpya kwa kutazama alama: bei iliyopo sokoni, mafanikio ya jirani, na habari zinazosambaa. Alama hizo zinaweza kuwa za kweli zote na bado zikampotosha. Ufugaji wa kware nchini Kenya, mwaka 2013 na 2014, ni mfano unaostahili kukumbukwa.

Wakati huo zilienea habari kwamba mayai ya kware yanatibu kisukari na shinikizo la damu. Yai moja liliuzwa hadi shilingi 100 hivi. Wananchi waliomba leseni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa kuwa kware alihesabiwa kuwa ndege wa porini. Leseni hiyo iliruhusu ufugaji, haikuthibitisha soko. Tunalisisitiza hili kwa sababu kibali cha serikali hudhaniwa mara nyingi kuwa dhamana ya faida.

Bei, basi, haikuwa uongo. Lililohitaji kuchunguzwa ni nani aliyekuwa akiilipa. Wanunuzi wengi wa mayai ya kuangua na vifaranga walikuwa wafugaji wapya, si walaji. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na jike huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba. Mteja wa leo, kwa hiyo, aligeuka mshindani baada ya miezi miwili hivi, naye akatafuta wapya wa kuwauzia. Wapya walipopungua, kilichobaki ni chakula ambacho kaya nyingi hazikukizoea. Katika mwaka 2014 bei iliporomoka hadi shilingi chache, na waliokopa wakabaki na deni pamoja na ndege wa kulisha.

Anayekueleza fursa, mwulize yeye anauza nini. Muuza vifaranga, mbegu au mafunzo hupata faida yake siku unayoanza, uvune usivune. Watafute watumiaji wa bidhaa ambao hawaizalishi, uwaulize wameinunua mara ngapi mwezi uliopita. Jibu la "ningenunua" lisihesabiwe. Mtafute pia aliyeiacha biashara hiyo, kwani waliopoteza hawajitangazi. Na ukiahidiwa kununuliwa mazao yako, dai mkataba wa maandishi unaotaja bei, kiasi na muda, kabla hujalipa chochote.